Baba anataka Border Collie, binti anataka Corgi, mama mkwe hataki mbwa kabisa

Shikamoo Bibi Mifugo,

Naandika kutoka Uyole, Mbeya, jirani na njia panda ya kwenda Tukuyu. Nina watoto watatu: binti wa miaka 11, wa kiume wa miaka 7, na kitinda mimba aliyetimiza miaka 3 juzi juzi. Tunafuga ng'ombe wawili wa maziwa bandani na kuku wa kienyeji wanaozurura uani. Mama mkwe tunaishi naye.

Mwaka jana mume wangu alimwambia binti kwamba akiingia tano bora darasani atamnunulia mbwa. Nadhani alisema akijua haitawezekana. Mtoto kawa wa tatu. Sasa kila jioni baba akivua viatu anaulizwa, "Baba, mbwa wangu yuko wapi?" na mimi nabaki kucheka jikoni.

Tulikubaliana mbwa awe mdogo. Jirani wa nyuma ana jibwa la ulinzi linalofungwa mnyororo mchana kutwa, usiku likifunguliwa hata mwenyewe analiogopa. La namna hiyo sitaki na watoto wadogo. Ugomvi umeanzia kwenye kuchagua. Mume wangu kasoma kwenye simu kwamba Border Collie ndiye mbwa mwenye akili kuliko wote, basi hasikii la mtu: "Kama ni kulisha, tulishe chenye akili." Binti yeye ni Corgi tu, yule wa miguu mifupi; kachora picha yake kwenye jalada la daftari la Sayansi. Mimi namtaka Sheltie, yule mdogo mwenye manyoya marefu. Kabla sijaolewa nilikuwa nafua nguo kwa familia moja ya wageni kule Tukuyu, walikuwa na Sheltie. Nikianika, anakaa pembeni ya kamba. Kuku akisogea kwenye shuka anainuka, anambwekea, anamrudisha kwa wenzake, kisha anakuja kukaa palepale. Sijawahi kumwona akimuumiza hata kifaranga.

Naambiwa wote watatu asili yao ni mbwa wa kuchunga mifugo. Nikasema si vibaya, si tuna ng'ombe? Lakini mama mkwe kashasema, "Mbwa akivuka kizingiti, mimi narudi Rungwe." Halafu jirani tunayegawana naye ukuta ni Muislamu, mtu mwema sana, watoto wetu wanacheza pamoja tangu asubuhi. Sitaki mbwa atugombanishe.

Tumempata muuzaji wa Dar es Salaam. Ametuma picha, anasema anao Sheltie na Corgi, watoto wa wiki sita. Anataka nusu ya hela kwa simu, kisha anampakia kwenye basi la usiku. Nilipomuuliza habari ya kupe na minyoo akasema hao hawana shida, "mchome tu ile sindano ya ng'ombe kila miezi mitatu, umemaliza." Dawa hiyo mume wangu anayo kabatini, anaitumia kwa ng'ombe wetu. Muuzaji anataka jibu Ijumaa.

Bibi, tumchukue yupi?

Mama wa Watatu, Uyole

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa binti.

Nianze na hiyo chupa ya kabatini, maana ndiyo inayoweza kuua kabla hata hamjaanza kubishana jina la mbwa.

Sindano ya ng'ombe inayoua minyoo na wadudu wa ngozi kwa pamoja, kwa kawaida ni ivamektini. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri, sina neno nayo. Kwa mbwa wa ukoo wa Collie, wale wachunga kondoo wa Uingereza, ni habari nyingine, na Border Collie wa baba na Sheltie wako wote ni wa ukoo huo. Baadhi yao huzaliwa na hitilafu kwenye jeni moja iitwayo MDR1. Jeni hiyo ikiwa nzima, dawa ikitaka kupenya kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo inasukumwa irudi ilikotoka. Ikiwa na hitilafu, dawa inaingia na kujikusanya humo. Wafugaji wa Collie walianza kuona mbwa wao wakifa kwa dawa hii miaka ya 1980, na mwaka 2001 watafiti wa Marekani wakaigundua jeni yenyewe.

Sasa piga hesabu na mimi. Ivamektini ya sindano ya ng'ombe iliyozoeleka madukani ina miligramu 10 katika kila mililita, na kipimo chake ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Sheltie aliyekomaa anaweza kuwa na kilo 8. Mtu akimchoma "kidogo tu", mililita 1, amempa dawa ya ndama wa kilo 50, zaidi ya mara sita ya ile ambayo ng'ombe angepewa kwa uzito huo. Na mbwa mwenye hitilafu anaweza kudhurika hata kwa nusu ya kipimo cha ng'ombe. Anaanza kupepesuka, udenda unamtoka, mboni za macho zinatanuka, anagonga kuta kwa kutoona, kisha analala haamki. Sindano ya kuifuta sumu hiyo haipo. Daktari atampa dripu, atamtunza na kusubiri.

Si kila Sheltie ana hitilafu hiyo, na wengi hawana. Lakini kwa macho humjui aliye nayo, na kipimo cha jeni hakiuzwi duka la pembejeo. Kwa hiyo dawa hiyo ibaki ya ng'ombe. Tena hata huko kwa ng'ombe kuna jambo: mbwa hula mavi ya ng'ombe, usinikatalie, na dawa hutoka na kinyesi. Mkishawachoma ng'ombe, mbwa asiingie bandani wala asifike kwenye lundo la samadi kwa wiki kadhaa. Na vile vidonge vya loperamidi vya kuzuia kuhara, ambavyo watu wanakuwa navyo nyumbani, navyo msimpe. Vinapita njia ileile na kuleta madhara yaleyale. Kwa kupe kuna matone na mikanda iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kwa minyoo kuna vidonge vya mbwa. Mweleze daktari wa mifugo kabla hajafungua mkoba wake: huyu ni wa ukoo wa Collie.

Muuzaji asiyelijua hili, au anayelijua akalinyamazia, mweke akilini. Nitarudi kwake.

Sasa uchaguzi. Umeuliza yupi, na wewe mwenyewe ukataja sababu ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi: "si tuna ng'ombe?" Ng'ombe wako hawatoki. Wako bandani, majani yanaletwa, maji yanaletwa. Mbwa wa kuchunga akiingia kwenye uwanja wako hatakuta kundi la kuchunga, atalitafuta. Litakuwa kuku kwa wiki mbili tatu, kisha litakuwa kitinda mimba. Mtoto wa miaka 3 anakimbia akipiga kelele, anageuka ghafla, haendi alikoelekezwa. Kwa macho ya mbwa huyo ni kondoo aliyepotea. Atamzunguka, atamziba njia, atamsukuma kwa pua, na wengine watambana kisigino kwa meno. Si ukali. Ndiyo kazi waliyochaguliwa kuifanya kizazi baada ya kizazi huko Uingereza. Huku kwetu mbwa hakupewa kazi hiyo. Wafugaji wa Usangu wanaswaga ng'ombe kwa fimbo na mluzi, mbwa wao wanalinda zizi na kubweka fisi akinusa. Ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kuona tabia hii, na mtoto akibanwa kisigino mara ya kwanza mbwa anapigwa, na mbwa haelewi kakosa nini.

Kwa hiyo mkwe wangu anisamehe, Border Collie simpitishi. Kwanza si mdogo: begani anafika sentimita 46 hadi 56, uzito kilo 14 hadi 20. Pili, akili anayoisifia ndiyo tatizo. Mbwa huyu aliumbiwa milima ya mpakani mwa England na Scotland, kukimbia mchana kutwa nyuma ya kondoo na kusikiliza mluzi kutoka mbali. Marekani kulikuwa na mmoja, Chaser, aliyefundishwa na profesa mstaafu majina ya vitu zaidi ya 1,000. Mzee yule alikaa naye saa nyingi kila siku kwa miaka. Mkwe wangu anayo nafasi hiyo akitoka kazini? Border Collie asiye na kazi huitafuta mwenyewe, na ugonjwa wao unaojulikana ni kukimbiza magurudumu. Wewe unakaa Uyole. Barabara ya TANZAM inapita hapo na malori ya Zambia, ya kwenda Kyela na mpakani Kasumulu yanakata kona hapo hapo, bodaboda ndiyo usiseme. Simpi mtu mbwa wa kukimbiza magurudumu akae penye njia panda ile.

Corgi wa binti ana sifa zake. Ni jasiri, anapenda watu, hahitaji uwanja mkubwa. Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipewa wa kwake, Susan, alipotimiza miaka 18 mwaka 1944, na akaendelea kuwafuga karibu maisha yake yote (pamoja na watumishi wa kuwalisha na kuwatembeza, hilo watoto wa kwenye video hawalioni). Begani ana sentimita 25 hadi 30, uzito kilo 10 hadi 13 hivi. Ufupi ule una maana yake: Wales alichunga ng'ombe, akiwabana kwato kwa meno, na ng'ombe akirusha teke linapita juu ya kichwa chake. Sasa fikiria mdomo huo nyuma ya miguu ya mtoto wa miaka 3 asiyevaa viatu. Ng'ombe wako nao hawajazoea kubanwa kwato, na ng'ombe wa maziwa aliyeshtuka hateremshi maziwa.

Kuna na mgongo. Corgi ni mrefu kiwiliwili na mfupi miguu, pingili za uti wake huumia kirahisi akiruka kutoka juu au akinenepa. Na kunenepa kwake ni kwepesi mno. Nyumba yenye maziwa, watoto watatu wanaomega ugali chini ya meza, na mbwa anayejua kulia njaa! Kama kitinda mimba angekuwa na miaka 8 ningemwambia binti sawa. Kwa sasa hapana.

Anabaki Sheltie wako, na hapa tuko pamoja, ila si kwa upofu. Begani sentimita 33 hadi 41, mwepesi, anajifunza haraka, na kwa kawaida ni mpole kwa watoto wa nyumbani. Alikotoka ni visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland, kwenye upepo na mvua. Kazi yake kubwa huko ilikuwa kuwafukuza kondoo wasiingie kwenye mashamba ya mazao, na silaha yake ni sauti kuliko meno. Yule wa Tukuyu aliyekuwa anarudisha kuku kutoka kwenye shuka zako alikuwa anafanya hasa kazi ya babu zake.

Silaha ya sauti ina bei yake. Sheltie anabweka. Anabweka kwa furaha, kwa mgeni, kwa mwewe aliyepita juu, kwa sufuria iliyoanguka kwa jirani. Ukuta mmoja na jirani, alfajiri, ni jambo la kulipangia kabla hajafika. Mfundishe tangu mdogo kwamba akibweka mara mbili tatu ametimiza wajibu: unamwita jina, akigeuka unampa kipande cha dagaa, akinyamaza unampa kingine. Ukimfokea anadhani mnabweka pamoja. Na asiachwe peke yake nje mchana kutwa. Kelele nyingi za Sheltie ni za upweke. Huyu anataka kuwa na watu, saa moja ya kutembezwa na kuchezeshwa kila siku, na mtu wa kumfikirisha kidogo. Binti wa miaka 11 anaiweza kazi hiyo, na itampendeza.

Kuhusu visigino, wafundishe watoto kabla ya mbwa. Akianza kuwazunguka na kuwabana, wasimame kisiki, mikono kifuani, wasipige kelele. Anayesimama hachungiki, mchezo unakufa. Kisha mkubwa anamwita mbwa na kumpa kitambaa cha kuvuta. Na kitinda mimba asiachwe na mbwa bila mtu mzima, hata mbwa awe malaika. Mtoto wa umri ule huvuta mkia na kutia kidole jichoni.

Hali ya hewa ya kwenu haina tabu naye. Juni na Julai mnavyotetemeka hapo Uyole, yeye ndipo anapochangamka, kwa kuwa ana manyoya tabaka mbili: ya juu marefu na magumu, ya chini mafupi na laini. Msimnyoe hata jua likiwaka, manyoya hayohayo ndiyo yanayomkinga na joto. Kazi ni kuyachana, angalau mara mbili kwa wiki, hadi kwenye ngozi. Pitisha vidole nyuma ya masikio na kwapani, ndipo yanapojifunga mafundo. Masika yakiisha na kishonanguo kikakauka njiani, atarudi na vijiba vyeusi kifuani kote na kwenye mapaja. Mkae naye kibarazani mvitoe kimoja kimoja, na hapo hapo mkague kupe kwenye vidole na ndani ya masikio. Kupe wa mbwa huleta magonjwa ya damu. Mbwa aliyeacha kula, ana homa na ufizi wake umepauka, asingojee kesho.

Chakula nitasema moja kwa mkazo. Kuna mazoea huku Nyanda za Juu ya kuchambua mahindi, mazuri yetu, yaliyoota ukungu ya mbwa na kuku. Sumukuvu haifi kwa kupikwa. Inaharibu ini, na mbwa ni dhaifu kwayo kuliko wanyama wengi. Ugali wake uwe wa unga mnaokula wenyewe, uchanganywe na dagaa au yai na mboga kidogo bila kitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika vipande vikali. Mapafu na maini ya machinjioni yachemshwe kabisa, mabichi humpa minyoo ambayo mayai yake yanaweza kuwaingia watoto. Na kokwa la parachichi liondoke uani, mbwa mdogo akilimeza linaziba utumbo.

Tuje kwa mama mkwe. Sijui kama mlimuuliza au mlimtangazia. Naomba mwanawe, si wewe, akae naye jioni amuulize mbwa alale wapi. Amuulize kwa kweli, na jibu lake lifuatwe. Wazee wetu hawakuishi na mbwa ndani na walikuwa na sababu, viroboto na minyoo vikiwa miongoni mwake. Sheltie anaweza kulala kibarazani kwenye boksi lenye godoro kavu, lililoinuliwa kutoka sakafuni na kukingwa upepo. Baridi anaiweza, unyevu hapana. Sebuleni aingie mkiwa mmekubaliana, jikoni na chumbani kwa bibi asikanyage. Mbwa anajifunza kizingiti kwa wiki moja, mradi nyumba nzima ishike neno moja. Watoto ndio watakaokuangusha.

Na jirani yako mfuate kabla mbwa hajafika. Kwa Waislamu wengi wa huku mate ya mbwa ni najisi nzito. Yakimgusa ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kabla ya kuswali. Mbwa anayerukia wageni kwa furaha kwako ni mapenzi, kwake ni usumbufu mkubwa. Mwambie mtakachofanya: geti litafungwa, mbwa atafundishwa kutoruka, na watoto wake wakija kucheza mbwa atafungiwa uani kwa nyuma. Mtu mwema akishirikishwa mapema hana ugomvi.

Chanjo haina mjadala. Ya parvo na ya distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huwa na kampeni ya kuchanja. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata yenu. Na hata mbwa wenu akiwa na kadi, mtoto akiumwa na mbwa yeyote wa mtaani, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msipake kitu.

Sasa muuzaji. Wiki sita ni mapema mno kumtenga mtoto wa mbwa na mama yake, asubiri walau wiki nane. Katika wiki hizo za mwisho ndipo anapojifunza kwa mama na ndugu zake kung'ata kwa kiasi, na nimekwambia mdomo wa mbwa wa kuchunga ulivyo. Halafu mtoto asiye na chanjo, kwenye buti la basi, zaidi ya kilomita 800 usiku kucha kupitia Mikumi na Kitonga, anafika kwako amekauka na parvo mwilini. Anaharisha damu, siku ya tatu binti yako anachimba kaburi.

Na picha si mbwa. Sheltie halisi ni wachache nchini. Mtoto yeyote mwenye manyoya mengi na kola nyeupe anaweza kuuzwa kwa jina hilo, kisha akakua hadi magotini kwa mkwe wangu. Mwoneni mama yake kwa macho, na baba akiwepo. Kama wazazi wote wawili wana ile rangi ya kijivu yenye mabaka, msichukue mtoto wa uzao huo, maana baadhi yao huzaliwa viziwi au vipofu. Mtoto mwenyewe mpigieni makofi kwa nyuma muone kama anageuka, mvingirisheni mpira muone kama macho yanaufuata. Mkishamchukua na mnapita Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama. Simameni apimwe kabla ya kupanda naye huku.

Mkikosa Sheltie wa kweli kwa bei mnayoiweza, msione haya kwenda kijijini Rungwe kwa ndugu za mama mkwe mkachukua mtoto wa mbwa wa kienyeji, wa mama mpole, akiwa na wiki nane. Achanjwe, alishwe vizuri, akae na watu badala ya mnyororo. Hana shida ya mafundo ya manyoya, wala mgongo mrefu, na wengi wao hukua wa umbo la wastani tu. Tena akitoka kwa ndugu zake, mama mkwe huenda akamtetea.

Hiyo Ijumaa ni ya muuzaji, si yenu. Mjibuni kwamba mtakuja wenyewe Dar, mtamwona mama wa watoto, mtasoma kadi ya chanjo, na mtalipa mkiwa mmemshika mbwa mkononi, si kabla. Akisema haiwezekani, hela yenu ibaki kwenye simu yenu.

Bibi Mifugo